Namba 2,147,483,647: inatoka wapi, na je, kweli ni namba tasa?

#1 MwekaHazina_Mbale
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mweka hazina wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya wakulima wa kahawa upande wa Mlima Elgon. Mwaka huu tulihamisha orodha ya wanachama kutoka kwenye vitabu na kuiingiza katika programu ya kompyuta tuliyouziwa na kampuni moja, na tangu hapo karibu kila mwanachama anaonekana kuwa na namba moja ya simu: 2147483647. Wazee wa kamati wameingiwa na hofu, wakiamini kwamba kuna mtu aliyepachika namba yake ili apokee ujumbe wa akiba za watu. Kijana wa ndugu yangu, aliye S.5 (kidato cha tano), ameitazama akasema kwamba hiyo si namba ya mtu, bali ni namba mashuhuri, tena ni namba tasa. Naomba wenye elimu wanisaidie kwa mambo mawili: namba hii inatoka wapi, na je, ni kweli kwamba haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe? Jambo la pili linanisumbua kuliko la kwanza, kwa sababu sielewi mtu anawezaje kuthibitisha jambo kama hilo kwa namba inayozidi bilioni mbili.

#2 Abiria_wa_Kikuubo
Msiipigie. Tarakimu 214 za mwanzo ni msimbo wa eneo la Dallas nchini Marekani, na huenda mkamsumbua mtu asiyejua lolote kuhusu kahawa ya Elgon.

#3 Fundi_Nakawa
Mweka hazina, watulize wazee. Hakuna mwizi hapo. Kompyuta huandika namba kwa biti, yaani nafasi ambazo kila moja hubeba 0 au 1, na programu nyingi hutenga biti 32 kwa namba nzima moja. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31, na namba kubwa kuliko zote inayoandikika kwa biti 31 ni ile ambayo biti zote ni 1, yaani 2^31 − 1. Ukizidisha mbili thelathini na moja pamoja (2 × 2 × 2 na kuendelea) kisha ukatoa moja, utapata 2,147,483,647 bila kupungua wala kuzidi.

Sasa tazama namba zetu za simu. Uganda ni 256, kisha zinafuata tarakimu tisa, kwa hiyo namba kamili ina tarakimu 12 na haipungui bilioni 256, ambayo ni zaidi ya mara mia ya kikomo hicho. Hifadhidata ya MySQL, ambayo huenda programu yenu inaitumia, isipowekwa katika hali ya ukali haiikatai namba iliyozidi, bali huandika kiwango cha juu inachoweza kubeba. Ni kama debe: hata ukilimiminia gunia zima, ukilipima utakuta debe moja. Kila mwanachama aliyeandikwa kwa 256 amepewa kikomo hicho hicho, na namba yake halisi haimo tena ndani ya programu. Itabidi mzirudishe kutoka vitabuni, safari hii zikihifadhiwa kama maandishi, kwa kuwa namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi. Naongeza jambo moja kwa wapenda hesabu: 256 yetu yenyewe ni 2^8.

#4 Mwalimu_wa_Jinja
Fundi amejibu la kwanza vizuri. La pili nalijibu mimi: kijana wenu wa S.5 amesema kweli. Aliyethibitisha kwamba 2^31 − 1 ni namba tasa ni mwanahisabati Leonhard Euler, na uthibitisho huo ulichapishwa mwaka 1772 katika barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo wa wanahisabati wa Bernoulli, wakati ambapo macho yake yalikuwa yamekaribia kupofuka kabisa.

Kabla sijaieleza njia yake, fanyeni zoezi hili kwa karatasi na kalamu. Gawanyeni 2,147,483,647 kwa 3. Baki ni 1. Gawanyeni kwa 7. Baki ni 1. Gawanyeni kwa 9, kwa 11, kwa 31, kwa 151 na kwa 331. Kila mara baki ni 1. Sababu ni kwamba jirani yake wa chini, 2,147,483,646, ni zao la 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Jirani yake wa juu ni 2^31, ambayo haina kigawo tasa kingine ila 2. Namba yetu imekaa katikati ya majirani wawili wanaogawanyika kwa urahisi mno, lakini yenyewe haivunjiki. Nimeifundisha kwa miaka mingi, na bado naiona kuwa miongoni mwa namba nzuri kuliko zote.

#5 Kijana_wa_Lira
Nashukuru, Mwalimu. Shuleni tunafundishwa kwamba ili kujua kama namba ni tasa, inatosha kujaribu namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 46,340 kidogo, na chini yake kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Simu yangu inaweza kuzimaliza kwa chini ya sekunde moja, lakini je, tuamini kwamba mtu anayepofuka aligawanya zaidi ya mara 4,700 bila kukosea hata mara moja?

#6 Mwalimu_wa_Jinja
Hakuhitaji kufanya hivyo, kijana, na hapo ndipo akili yake inapoonekana. Tuseme q ni namba tasa inayoigawanya 2^31 − 1. Hii ina maana kwamba 2^31 ikigawanywa kwa q huacha baki 1. Andika vipeo vya mbili kimoja baada ya kingine, yaani 2, 4, 8, 16 na kuendelea, lakini badala ya namba yenyewe andika tu baki lake baada ya kuigawanya kwa q. Mabaki hayo huzunguka na kujirudia, na kwa kuwa katika hatua ya 31 tumefika 1, urefu wa mzunguko huo hauna budi kuigawanya 31. Lakini 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 1 au ni 31. Hauwezi kuwa 1, kwa sababu hapo 2 yenyewe ingeacha baki 1, jambo ambalo haliwezekani kwa q yoyote tasa. Basi mzunguko una hatua 31 kamili. Kwa upande mwingine, nadharia ndogo ya Fermat, mwanahisabati wa Kifaransa, inatuambia kwamba 2 ikipandishwa hadi kipeo cha q − 1 huacha baki 1, kwa hiyo 31 inaigawanya q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, ndiyo maana hata 62 inaigawanya q − 1. Tayari tumeondoa namba nyingi sana: kigawo chochote tasa cha namba yetu lazima kiwe na umbo la 62k + 1.

Kuna chujio la pili. Ikiwa 2^31 huacha baki 1, basi 2^32 huacha baki 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16, kwa hiyo upo mraba unaoacha baki 2 ukigawanywa kwa q, na namba tasa witiri zenye sifa hiyo ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 huacha baki 1 au 7. Ukiyaweka machujio mawili pamoja, q inabaki na maumbo mawili tu: 248k + 1 na 248k + 63.

Sasa hesabu mwenyewe. Namba za maumbo hayo zilizo chini ya 46,340 hazifiki 400, na nyingi si tasa, kwa hiyo hazina haja ya kujaribiwa. Za mwanzo ni 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241 na 1,303. Katika hizo zote, zilizo tasa ni 311 na 1,303 peke yake. Kazi iliyobaki inahitaji subira, lakini inamezeka.

#7 Mzee_wa_Arua
Nimefurahi kusoma maelezo ya Mwalimu. Hata hivyo, mnamsahau mwenyewe. Namba za umbo hili, yaani 2^p − 1, zinaitwa namba za Mersenne kwa heshima ya Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, ambaye alithibitisha mwaka 1644 kwamba 2^31 − 1 ni tasa. Euler alikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye.

#8 Binti_wa_Mbarara
Shikamoo Mzee. Kwa heshima yote naomba kurekebisha: Mersenne alitaja, hakuthibitisha. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo, yaani p katika 2^p − 1, ambavyo, kwa maneno yake, vinazaa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, akadai kwamba hakuna vingine hadi 257. Orodha hiyo ina makosa matano. Vipeo 67 na 257 havikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 vilistahili lakini havimo. Kuhusu 67, Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha mwaka 1903 kwamba 2^67 − 1 ni sawa na 193,707,721 × 761,838,257,287.

Hata kabla ya Mersenne alikuwepo Pietro Cataldi wa Bologna, ambaye mwaka 1588 alithibitisha kwa kugawanya kwamba vipeo 17 na 19 vinazaa namba tasa. Kisha akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo vinazaa, na kati ya vinne hivyo alipatia kimoja tu, ambacho ni 31 yetu. Fermat aliviangusha 23 na 37 mwaka 1640, na Euler akakiangusha 29 mwaka 1738. Tazameni kanuni ya Mwalimu (#6) ikifanya kazi hapo: 2^29 − 1 ni 233 × 1,103 × 2,089, na kila kimoja kati ya vigawo hivyo, ukikitoa 1, kinagawanyika kwa 58, ambayo ni 29 mara mbili.

#9 Mzee_wa_Arua
Marahaba, binti yangu. Nakubali maelezo ya tarehe. Lakini basi niambie Mersenne alizipataje, maana mtu hawezi kubahatisha 31 na 127 zote mbili hivi hivi.

#10 Binti_wa_Mbarara
Mzee, hapo wataalamu wenyewe wametoa maelezo yanayopingana. Wengine wanaona alikuwa na kanuni ya kukisia, kwamba kipeo kizuri ni kile kilicho karibu sana na kipeo fulani cha mbili: 31 ni 32 − 1, 67 ni 64 + 3, 127 ni 128 − 1, 257 ni 256 + 1. Lakini kanuni hiyo ingemletea pia 61, ambayo ni 64 − 3, naye hakuiandika. Ndiyo maana wengine wamependekeza kwamba 67 ni kosa la uchapaji na kwamba aliandika 61. Wanaoshika kauli hiyo bado wana kazi ya kuieleza 257.

#11 Nyota_ya_Soroti
Nimesoma yote kwa makini na nina mtazamo tofauti. Mnasema kwamba kompyuta ina kikomo cha 2^31 − 1, kisha mnasema kwamba 2^31 − 1 ni namba tasa mashuhuri tangu siku za Euler. Je, mambo hayo mawili yamekutana bila sababu? Mimi naamini waliounda kompyuta waliichagua kwa kuwa ni tasa. Hata katika Maandiko, kitabu cha Mithali kina sura 31. Namba hii ina uzito wake.

#12 Fundi_Nakawa
Ndugu Nyota, hoja ya Mithali nakuachia wewe na mchungaji wako. Hoja ya kompyuta inapimika. Kabla ya biti 32 mashine nyingi zilitumia biti 16, na kikomo chake kilikuwa 2^15 − 1, yaani 32,767. Hiyo ni 7 × 31 × 151, si tasa hata kidogo. Baada ya biti 32 tumekuja kwenye biti 64, na kikomo ni 2^63 − 1, yaani 9,223,372,036,854,775,807, ambayo inagawanyika kwa 7 mara mbili, kisha kwa 73, 127, 337, 92,737 na 649,657. Wahandisi waliongeza biti maradufu kila mara, 8, 16, 32, 64, wakatenga biti moja kwa ajili ya alama ya chanya au hasi. Kwamba 31 imeangukia kwenye namba tasa ya Mersenne ni sadfa.

#13 Mhandisi_Entebbe
Fundi, naona umelifunga jambo mapema. Ni kweli kwamba kikomo hakikuchaguliwa kwa utasa wake. Lakini baada ya kuwepo, utasa huo umetumika sana. Kwa miongo mingi kompyuta zimezalisha namba za nasibu kwa njia hii: anza na namba yoyote kati ya 1 na 2,147,483,646, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, uchukue baki, kisha urudie. Kanuni hiyo ilipendekezwa mwaka 1969, na wataalamu wa kompyuta Park na Miller waliitetea mwaka 1988 iwe kiwango cha chini ambacho kila programu ingepaswa kukifikia.

Kwa nini 16,807? Kwa sababu ni 7^5. Mabaki ya vipeo vya 7 hupita kwenye namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 bila kurudia hata moja kabla ya kumaliza mzunguko. Na kwa kuwa 5 haimo katika orodha ya vigawo aliyotoa Mwalimu katika #4, 7^5 nayo inapita kwenye namba zote. Kama 2^31 − 1 isingekuwa tasa, mzunguko mrefu kiasi hicho usingewezekana. Kwa hiyo Nyota hayuko mbali na ukweli kama unavyodhani. Tofauti ni kwamba utasa ulifuata, haukutangulia.

#14 Nyota_ya_Soroti
Asante, Mhandisi. Naendelea kushikilia langu.

#15 Kodi_Gulu
Narudi kwenye chanzo, kwa sababu maelezo ya Fundi katika #3 si maelezo pekee yanayowezekana. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, MySQL huja ikiwa katika hali ya ukali, na ikipewa namba iliyozidi hutoa taarifa ya kosa badala ya kuandika kikomo. Mimi naishuku PHP, lugha ya kuandikia programu. Programu ikisoma maandishi "256..." na kuyageuza kuwa namba nzima kwenye mfumo wa biti 32, PHP yenyewe hurudisha 2147483647 kabla hifadhidata haijaguswa. Tena kwenye Windows, PHP zote kabla ya toleo la 7 zilitumia biti 32 hata kama kompyuta ilikuwa ya biti 64. Mweka hazina, je, wapo wanachama ambao namba zao ni sahihi?

#16 MwekaHazina_Mbale
Wapo wachache. Ni wale walioandikisha namba kwa kuanzia 07 badala ya 256. Namba zao zipo, isipokuwa 0 ya mwanzo imetoweka.

#17 Fundi_Nakawa
Hilo linathibitisha kauli yangu. Namba inayoanza na 7 ikiwa na tarakimu tisa haifiki bilioni moja, kwa hiyo inaingia chini ya kikomo, na sifuri ya mbele hupotea kwa kuwa safu imewekwa kuwa ya namba nzima. Programu za bei nafuu hutumia seva za zamani, au mtu huizima hali ya ukali kwa makusudi ili asisumbuliwe na taarifa za makosa.

#18 Kodi_Gulu
Linathibitisha kauli zote mbili kwa usawa, Fundi. PHP nayo ingeipoteza sifuri na ingezipitisha namba zinazoanza na 7. Njia ya kujua ni kuitazama aina ya safu ndani ya hifadhidata: ikiwa inaweza kubeba maandishi au namba za biti 64, basi MySQL haina hatia.

#19 MwekaHazina_Mbale
Kampuni haijatupa nywila ya hifadhidata. Nitaidai.

#20 Mkulima_Bushenyi
Namba za simu ni jambo dogo; tazameni fedha. Shilingi 2,147,483,647 hazifiki dola milioni moja za Marekani, kwa hiyo mwenzetu anayehesabu kwa dola anaweza kuishi miaka mingi bila kukikuta kikomo hiki, ilhali sisi tunakikuta katika bajeti ya wilaya moja. Katika Mpango wa Maendeleo wa Parishi wa serikali ya Uganda kila parishi, yaani eneo dogo la utawala, imekuwa ikitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Parishi 21 zinatoa bilioni 2.1, ambayo inaingia. Ongeza ya 22, umeshavuka. Na programu nyingine hazisimami kwenye kikomo kama ilivyokuwa huko Mbale, bali huzunguka: 2,147,483,647 ukiiongeza 1 inakuwa −2,147,483,648. Bilioni 2.2 ingesomeka kuwa hasi 2,094,967,296. Nimeshuhudia ripoti ya ushirika mmoja ikionyesha kwamba wanachama wote kwa pamoja wanadaiwa, wakati walikuwa wameweka akiba nyingi kuliko mwaka mwingine wowote.

#21 Abiria_wa_Kikuubo
Na saa je? Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za ulimwengu. Zile zinazotumia biti 32 zitafika sekunde ya 2,147,483,647 Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na sekunde 7. Sekunde inayofuata, saa hizo zitarudi Desemba 1901.

#22 Kijana_wa_Lira
Ningependa kuuliza kuhusu rekodi. Nimesoma kwamba namba hii ilikuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa karibu miaka mia moja, hadi 1867. Ni kweli?

#23 Binti_wa_Mbarara
Inategemea unahesabu nini. Mwaka 1867 Mfaransa Fortuné Landry alionyesha kwamba 2^59 − 1 ni 179,951 × 3,203,431,780,337, na kigawo hicho kikubwa ni tasa. Wengi huandika kwamba hapo ndipo rekodi ya Euler ilipovunjwa. Lakini mwaka 1855 Thomas Clausen alikuwa amemwandikia mwanahisabati Gauss kwamba 2^64 + 1 ni 274,177 × 67,280,421,310,721, na hicho cha pili ni tasa na ni kikubwa kuliko cha Landry. Tatizo ni kwamba barua hiyo ilikaa bila kujulikana kwa zaidi ya miaka mia moja.

#24 Mzee_wa_Arua
Kwangu mimi, aliyeandika kwanza ndiye aliyevunja rekodi, hata kama barua ilikaa sandukuni.

#25 Mwalimu_wa_Jinja
Kwangu mimi si hivyo, Mzee. Hesabu ni jambo la hadhara. Uthibitisho ambao hakuna aliyeukagua haujaingia bado katika elimu ya watu.

#26 Sista_wa_Masaka
Naongeza sifa ambayo haijatajwa. Wagiriki waliita namba kuwa kamilifu ikiwa ni sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha kwamba 2^p − 1 ikiwa tasa, basi ukiizidisha kwa 2^(p−1) unapata namba kamilifu, na Euler akathibitisha kwamba namba kamilifu shufwa zote hupatikana kwa njia hiyo. Kwa hiyo namba ya Mbale inazaa 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu na hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1883 padri wa Kirusi, Ivan Pervushin, alithibitisha 2^61 − 1. Leo zinajulikana namba tasa 52 za Mersenne, na ile iliyotangazwa Oktoba 2024, 2^136,279,841 − 1, ina tarakimu 41,024,320.

#27 Kijana_wa_Lira
Jambo moja limenivutia. 5 ni tasa. 2^5 − 1 ni 31, tasa. 2^31 − 1 ni tasa. Je, tukiendelea, 2^2,147,483,647 − 1 itakuwa tasa?

#28 Binti_wa_Mbarara
Mnyororo unakatika hapo. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, lakini mwaka 1983 Guy Haworth aliipatia kigawo: 295,257,526,626,031. Ukitoa 1 na kugawanya kwa mara mbili ya namba yetu unapata 68,745 kamili, kama kanuni ya #6 inavyodai. Mnyororo mwingine, 2, 3, 7, 127, umefika hadi 2^127 − 1, ambayo Mfaransa Lucas aliithibitisha mwaka 1876, na hatua inayofuata hakuna ajuaye.

#29 Mhandisi_Entebbe
Je, kuna sababu yoyote ya ndani inayoifanya 31 ifanikiwe na 29 ishindwe? Au ni bahati?

#30 Mwalimu_wa_Jinja
Mimi naona ni bahati. Namba zikiwa ndogo, namba tasa ni nyingi, na ruwaza hujitokeza kisha hupotea tukipanda juu.

#31 Binti_wa_Mbarara
Mwalimu, siwezi kuliacha jambo hili kwa bahati peke yake. Mwaka 1989 wanahisabati Bateman, Selfridge na Wagstaff walichukua ile kanuni inayodhaniwa kuwa ya Mersenne (#10) na kuipa sura mpya. Kwa kipeo p kilicho witiri kuna masharti matatu: p iwe 2^k ± 1 au 4^k ± 3, 2^p − 1 iwe tasa, na (2^p + 1) ÷ 3 iwe tasa. Walikisia kwamba masharti mawili yakitimia, la tatu hutimia daima. Kwa 31 yote yanatimia: 31 ni 2^5 − 1, 2,147,483,647 ni tasa, na 2,147,483,649 ÷ 3 ni 715,827,883, ambayo nayo ni tasa. Kwa 67 linatimia la kwanza peke yake, kwa 89 la pili peke yake, na kwa 11 la tatu peke yake. Vipeo vinavyojulikana kutimiza yote ni 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 61 na 127, na hadi leo hakuna kipeo kilichopatikana chenye masharti mawili kamili.

#32 Mwalimu_wa_Jinja
Orodha hiyo inaishia 127, binti, na hilo ndilo ninalolisema: juu ya hapo masharti hayo hayajaonekana kukutana tena, kwa hiyo kisio halipati mahali pa kuvunjikia. Nionyeshe kipeo kimoja kinachozidi 127 kinachotimiza yote matatu, nami nitaanza kuiona sheria.

#33 Binti_wa_Mbarara
Nami nasubiri unionyeshe kimoja kinachotimiza mawili tu, Mwalimu.